Rangi ya Kucha: Tangu Hina hata Jeli

Najua, msomaji, ya kuwa sheria za shule hazikupi ruhusa ya kupaka kucha zako rangi, na sheria hiyo ni njema kwa mahali pake. Lakini hakuna sheria ikuzuiayo kujua habari za kazi ambayo baadhi ya wenzako watajipatia riziki kwayo baada ya kuacha shule. Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Jembe lina historia, sindano ina historia, na brashi ndogo ya mpaka rangi za kucha inayo historia yake.

Chukua mfano wa Nyansiongo, mji mdogo wa Borabu katika Kaunti ya Nyamira, kando ya barabara itokayo Keroka kwenda Sotik. Nchi iliyouzunguka ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, na katika miaka ya 1960 wenyeji walipewa makazi humo. Leo ni nchi ya chai na ng'ombe wa maziwa. Mkono unaochuma majani mawili na kichipukizi tangu asubuhi hutiwa weusi na utomvu wa chai. Basi si ajabu mkono huo ukitaka kupambwa siku ya arusi. Kijana anayejifunza kupaka kucha rangi ya jeli katika mji kama huo hana budi kushika neno moja kabla ya mengine yote: paka nyembamba. Neno hilo ni fupi, lakini limekuja kwa safari ndefu.

Safari yenyewe yaanza na hina. Wachunguzi wamekuta dalili za hina katika nywele na kucha za baadhi ya maiti zilizokaushwa za Misri ya kale. Katika pwani yetu, tangu Lamu hata Mombasa na Unguja, bibi arusi hupakwa hina mpaka leo. Majani hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa, kisha unga wake hukandwa kwa maji au ndimu, ukapakwa na kuachwa kwa saa nyingi. Rangi ya hina huingia ndani ya ukucha, ikashikamana nao, isitoke mpaka ukucha wenyewe ukue na kukatwa. Ukucha wa kidole cha mkono hukua kadiri ya milimita tatu kwa mwezi, basi rangi hiyo huweza kudumu karibu nusu mwaka. Hapa anayevumilia ni yule apakwaye: hukaa kitako mikono imenyoshwa, hali wengine wakimlisha.

Badiliko la kwanza kubwa lilitokea mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1846 mtaalamu mmoja wa kemia mjini Basel, Uswisi, jina lake Christian Friedrich Schönbein, alichovya pamba katika asidi kali, akapata pamba iliyoweza kulipuka kama baruti. Baadaye watu walitambua ya kuwa pamba ya namna hiyo ikiyeyushwa hufanya vanishi ikaukayo upesi. Katika miaka ya 1920 vanishi hiyo ilipakwa katika motokaa za Marekani, na kazi iliyokuwa ikingoja kukauka kwa siku nyingi ikawa ya saa chache. Haukupita muda mrefu vanishi ya motokaa ikawa vanishi ya kucha. Mwaka 1932 ndugu wawili, Charles na Joseph Revson, pamoja na Charles Lachman, walianzisha kampuni ya Revlon mjini New York, wakauza rangi nzito iliyofunika ukucha wote pasipo kuonekana chini yake. Rangi sasa haikuingia tena ndani ya ukucha; ilikaa juu kama ngozi ya pili. Saa za hina zikawa dakika, lakini ngozi hiyo ilikwaruzika na kubanduka baada ya siku chache.

Badiliko la pili ni la nuru. Madaktari wa meno walikwisha kujua kuziba jino kwa dawa laini igandayo ikimulikwa, na katika miaka ya 1980 maarifa ya namna hiyo yaliletwa katika kucha. Mwaka 2010 kampuni ya CND ya Marekani ilitoa Shellac, rangi iliyopakwa kwa brashi kama vanishi, ikagandishwa kwa taa, ikadumu kadiri ya majuma mawili. Jeli haikauki kwa hewa. Ndani yake mna chembe zilizotawanyika. Mwanga wa urujuanimno ukizipiga, hushikana minyororo, na kioevu hugeuka kuwa kitu kigumu kwa muda wa dakika moja hivi.

Sasa utaelewa, msomaji, kwa nini mwanafunzi huambiwa apake nyembamba. Rangi yenyewe huzuia mwanga. Tabaka likiwa nene, mwanga hugandisha uso wake tu, na chini hubaki mbichi; uso hujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Fundi hodari, basi, huanza na ukucha wenyewe: huusukuma nyuma utando ulioshika shina lake, huuondolea mng'aro kwa tupa laini pasipo kuukwangua, huupangusa mafuta na vumbi. Hupaka tabaka la msingi, akalimulika. Ndipo hutia tone dogo la rangi karibu na shina, lisiguse ngozi. Hulisukuma kwa brashi mpaka libakie nafasi ya unywele mmoja, kisha hulivuta mpaka ncha. Hurudi ubavuni, kushoto na kulia, na mwisho huifunga ncha kwa rangi kidogo. Hungoja kitambo ili jeli ijisawazishe yenyewe, kwa maana kioevu hupenda kutulia. Tabaka la kwanza aghalabu huonekana na mistari, na mwanafunzi hutamani kuongeza rangi papo hapo. Asiongeze. Tabaka la pili, jembamba kama la kwanza, ndilo litakaloisawazisha, na la tatu lisilo rangi huleta mng'aro. Vidole gumba humulikwa peke yake, kwani vikiwekwa pamoja na vingine hulala upande. Tena chupa na brashi huwekwa mbali na mlango uingiao jua, maana jua nalo lina mwanga ule ule.

Wala usidhani ya kuwa jambo hili ni la urembo tu. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kumletea mtu mzio usioondoka maisha yake yote. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza kilionya ya kuwa asilimia 2.4 ya watu waliopimwa katika Uingereza na Ireland walikuwa na mzio wa dawa za namna hiyo. Mwenye mzio huo huweza kudhurika hata kwa dawa za kuzibia meno au zitumikazo katika upasuaji wa viungo. Na tangu Septemba 2025 Umoja wa Ulaya umekataza katika rangi za kucha dawa iitwayo TPO, iliyokuwa ikisaidia jeli kuganda. Aliye hatarini zaidi ni fundi, kwa sababu mteja huja mara moja moja, naye hushika jeli kila siku. Tabaka nene, au rangi iliyomwagika ngozini, ni deni ambalo mwili wa mtu utalipa.

Hii ndiyo maana ya historia niliyokusimulia. Hina ilidai saa nyingi kwa bibi arusi. Vanishi ilidai dakika. Taa yadai dakika moja tu. Lakini muda ule haukupotea. Uvumilivu uliotoka kwa apakwaye umehamia katika mkono wa apakaye. Watu wa Gusii hawahitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Huko Tabaka, wachonga mawe laini ya Kisii hawakiachi chombo mara kinapokwisha kuchongwa. Husuguliwa kwa msasa na maji, kwanza msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, na mwisho ndipo hutiwa nta. Asuguaye kwa pupa, nta humfichua. Ukimwona kijana wa Nyansiongo ameinama juu ya kidole cha mchumaji chai, akivuta brashi taratibu, usimdharau. Mashine imempunguzia kungoja, haikumpunguzia kazi.