Usanifu wa Godzilla
Godzilla ni dubwana la kubuni lililoonekana kwanza katika filamu ya Kijapani ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Ishirō Honda na kutengenezwa na kampuni ya Toho. Msanifu Akira Watanabe hakunakili mnyama mmoja, bali alitazama picha za dinosauri, yaani reptilia wakubwa wa kale, akachanganya maumbo ya Tyrannosaurus na Iguanodon, kisha akaongeza safu ya mabamba ya mgongoni mithili ya yale ya Stegosaurus. Michoro yake iligeuzwa na mchongaji Teizō Toshimitsu kuwa sanamu ndogo za udongo, ambazo kwazo ngozi za aina mbalimbali zilijaribiwa, ya magamba, ya sugu na iliyokwaruzika kama ya mamba, na hii ya mwisho ndiyo iliyochaguliwa. Uteuzi huo ndio kiini cha usanifu wote, kwa kuwa ngozi hiyo hukumbusha makovu yaliyovimba ya manusura wa bomu la atomiki, na hivyo mwili wa dubwana ukabeba msiba wa taifa zima la Japani. Vazi la kwanza la Godzilla, lililovaliwa na mwigizaji Haruo Nakajima, lilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi.