Makombe ya kale na siri ya viumbe vilivyotoweka

Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia mjini Stockholm, Sweden, yaliyoanzishwa mwaka 1819, yanahifadhi visukuku vingi vya baharini, vikiwemo vya kisiwa cha Gotland. Miamba ya kisiwa hicho ilikuwa sakafu ya bahari ya joto zaidi ya miaka milioni 420 iliyopita. Tukio la Ireviken, lililoangamiza viumbe vingi miaka milioni 430 hivi iliyopita, limepewa jina la sehemu ya pwani yake.

Katika kutafuta chanzo cha maangamizi ya namna hiyo, wataalamu hupima pia ukubwa wa makombe. Mara nyingi, baada ya maangamizi, makombe huwa madogo. Mwaka 1993 mtaalamu wa Poland, Adam Urbanek, aliiita hali hiyo athari ya Liliputi, kwa jina la nchi ya watu wadogo katika hadithi ya Gulliver.

Huenda aina kubwa zimekufa zikabaki ndogo. Huenda aina ileile imedumaa. Au wengi wamekufa wachanga. Kombe dogo lenye mistari mingi ya ukuaji ni la mzee aliyedumaa.

Maangamizi makubwa kuliko yote, ya miaka milioni 252 hivi iliyopita, yalifuta zaidi ya asilimia 80 ya aina za viumbe vya baharini. Volkano za Siberia zilimwaga hewa ya ukaa na bahari ikapata joto. Maji yenye joto hushika oksijeni kidogo, ilhali mnyama huihitaji zaidi. Hapo umbo dogo huwa nafuu. Ni mjini Stockholm ambako Svante Arrhenius, mwaka 1896, alikokotoa jinsi hewa hiyo inavyoongeza joto la dunia.

Lakini baridi nayo imewahi kudumaza. Udongo uliochimbuliwa Kilwa na Lindi, Tanzania, unaonyesha kwamba miaka milioni 34 hivi iliyopita, dunia ilipopoa, viumbe vidogo mno vyenye makombe viitwavyo Hantkenina vilitoweka, na jamaa zao, Pseudohastigerina, wakapungua umbo.

Kombe dogo, basi, ni dalili ya ugonjwa, si jina lake. Leo bahari inapata joto tena, na uvunaji wa kupita kiasi nao hupunguza ukubwa wa chaza. Kwa wanaookota kitoweo maji yakipwa katika pwani ya Afrika Mashariki, kuitambua sababu ndiko kujua dawa.