Mavazi ya Vijana Wanne wa Liverpool

Mtu atakaye kujua habari za watu waliopita huzisoma katika barua zao, katika sheria zao na katika majengo yao. Aweza pia kuzisoma katika nguo zao. Katika insha hii tutazame nguo za vijana wanne wa Liverpool, Uingereza, waliojulikana duniani kote kwa jina la Beatles: John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr. Kazi yao ilikuwa muziki wa roki, na umoja wao ulidumu miaka kumi tu, tangu 1960 hata 1970. Walakini katika muda huo mfupi walibadili mavazi mara nyingi, na kila badiliko lilikuwa na sababu yake.

Mwaka 1960, kabla Starr hajajiunga nao, walikwenda kupiga muziki katika vilabu vya usiku vya Hamburg, bandari ya Ujerumani. Kazi ilikuwa ya saa nyingi na malipo yalikuwa haba. Huko walizoea kuvaa ngozi nyeusi, vazi la kijana asiyemwogopa mtu. Huko pia walifanya urafiki na wanafunzi wa sanaa waliolaza nywele zao juu ya paji la uso. Mmoja wao, Jürgen Vollmer, ndiye aliyewakata Lennon na McCartney nywele namna ile mjini Paris, Oktoba 1961. Basi nywele zilizokuja kuhesabiwa kuwa alama ya Uingereza, asili yake ilikuwa ng'ambo.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwundaji wa chombo hiki alikuwa Brian Epstein, msimamizi wa duka la sahani za santuri. Novemba 1961 alishuka katika ukumbi wa chini ya ardhi ulioitwa Cavern akawaona vijana wamevaa ngozi, wakila na kuvuta sigara jukwaani. Alipenda muziki wao, hakupenda mwenendo wao. Alipokuwa meneja wao, aliwakataza kula jukwaani, akawafundisha kuinama pamoja mbele ya watazamaji, na mwaka 1962 akawapeleka kwa mshoni Beno Dorn wa Birkenhead, wakashonewa suti za namna moja. Mwaka 1963 Dougie Millings, mshoni wa London, aliwashonea makoti yasiyo na ukosi, kwa kufuata mtindo wa Pierre Cardin wa Paris. Tarehe 9 Februari 1964 walionekana katika televisheni ya Marekani, na watazamaji wao walipata milioni 73. Vijana waliiga nywele zao, na baadhi ya walimu wakuu wakazipiga marufuku shuleni.

Je, suti zile ziliwafaa au ziliwadhuru? Lennon mwenyewe alinung'unika baadaye kwamba kwa kuziacha ngozi waliuza kitu cha thamani. Mimi sikubali moja kwa moja. Suti iliwafungulia milango ambayo ngozi ingewafungia. Mzazi aliyewaona wakiinama kwa adabu hakuona haja ya kumzuia mwanawe kuwasikiliza. Lakini Lennon hakukosa kabisa. Watu wanne walifanywa kitu kimoja, na kitu hicho kikawa mali ya umati. Katika maonyesho yao mayowe yalikuwa makubwa hata wenyewe hawakusikia muziki wao vema. Tarehe 29 Agosti 1966, mjini San Francisco, walipiga onyesho la mwisho la safari zao.

Hapa historia hii inagusa nchi yetu. Novemba 1966 McCartney alisafiri katika Ufaransa akiwa amejibandika masharubu ya bandia ili asitambulikane. Kisha alikuja Kenya kutazama wanyama. Akiwa katika ndege kurudi London, alipata wazo: kwa nini wasijifanye kuwa bendi nyingine kabisa, yenye jina lingine na mavazi mengine? Sahani iliyotokana na wazo hilo, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, ilitolewa mwaka 1967. Katika picha yake wanne hao wamevaa sare za atlasi mfano wa wanajeshi wa zamani. Zimeshonwa kwa namna ya kufanana, lakini kila mtu ana rangi yake. Masharubu nayo yalikuwa ya kweli sasa. Aliyechoka kuwa yeye alijaribu kupumzika ndani ya nguo za mtu mwingine.

Baada ya hapo njia ziliachana. Mwaka 1968 walikwenda Rishikesh, India, kujifunza kutafakari, wakavaa nguo nyepesi za huko zinazofanana na kanzu fupi. Tarehe 30 Januari 1969 walipiga muziki juu ya dari la ofisi yao London, katika baridi kali: Lennon amevaa koti la manyoya la Yoko Ono, na Starr koti jekundu la mvua la mkewe. Agosti mwaka huo walipigwa picha wakivuka barabara ya Abbey. Lennon alivaa nyeupe tupu, Starr nyeusi. McCartney alivaa suti lakini alitembea pekupeku. Harrison alivaa nguo za kazi za jinzi. Mwaka uliofuata umoja wao ulivunjika.

Ninyi wanafunzi mnaovaa sare kila siku mna haki ya kuuliza sare ni ya nini. Habari ya vijana hawa yajibu kwamba sare huwakusanya watu kwa ajili ya kazi, na kazi hiyo yaweza kuwa kubwa kuliko ile ambayo mmoja angeiweza peke yake. Lakini mshoni hupima mabega na kiuno. Moyo hana futi ya kuupimia. Ivaeni sare kwa heshima, mkijua kwamba siku ya kuivua itafika, na kwamba siku hiyo kila mmoja atatakiwa awe mtu kamili.