Bei, Kipimo na Daftari: Ushindani wa Maduka Makubwa na Maduka Madogo katika Ukanda wa Bagamoyo tangu Karne ya 19

1.0 Utangulizi

Ushindani kati ya maduka makubwa ya kujihudumia, yaani supamaketi, na maduka madogo ya mtaani huelezwa mara nyingi kama mapambano ya bei, ambapo anayeuza kwa bei ya chini ndiye anayeshinda. Historia ya biashara ya rejareja katika Bagamoyo na pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam haiungi mkono maelezo hayo. Katika ukanda huu unaoanzia Mbezi na Tegeta, ukapita Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini, duka dogo limekabiliwa mara mbili na washindani wenye mitaji mikubwa walioahidi unafuu. Wa kwanza walikuwa maduka ya umma na ya ushirika baada ya 1967, na wa pili ni kampuni za kigeni za supamaketi baada ya 2000. Mara zote mbili duka dogo lilibaki. Makala haya yanadai kwamba mnunuzi wa kipato kidogo hakupima unafuu kwa bei ya kilo pekee, bali kwa mambo matatu: kiasi cha chini anachoweza kununua, uwezekano wa kukopa, na gharama ya kufika dukani.

2.0 Usuli: Bagamoyo, Kipimo na Mkopo

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Mfanyabiashara Sewa Haji Paroo alijenga utajiri wake hapo kwa kuiandalia misafara bidhaa na wapagazi. Chini yake alifanya kazi kijana kutoka Kutch, Allidina Visram, ambaye baada ya kifo cha Sewa Haji mwaka 1897 alipanua biashara hadi Mombasa na Uganda, akawa na makumi ya matawi kabla ya kufariki mwaka 1916. Kwa hiyo, mojawapo ya mitandao ya kwanza ya maduka ya rejareja Afrika Mashariki ina mizizi Bagamoyo. Mtandao huo uliendeshwa kwa mkopo: bidhaa zilitangulia, malipo yakafuata.

Upande wa mnunuzi, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja. Methali ya "haba na haba hujaza kibaba" inahifadhi kumbukumbu ya uchumi ambamo ununuzi wa kidogo kidogo ulikuwa jambo la kawaida.

Makao makuu ya utawala wa Wajerumani yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikaimaliza nafasi ya Bagamoyo katika biashara ya masafa marefu. Kilichobaki ni biashara ya mji mdogo wa wavuvi na wakulima wa minazi. Mwaka 1931 serikali ya Waingereza ilitunga sheria iliyozuia mfanyabiashara asiye mwenyeji kumdai Mwafrika mahakamani, isipokuwa kama mkopo uliandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Sheria hiyo iliondoa ulinzi wa mahakama juu ya deni dogo la dukani, na kuliacha litegemee kujuana kwa muuzaji na mnunuzi.

3.0 Ushindani wa Kwanza: Duka la Umma

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, makampuni makubwa ya uagizaji, yakiwemo Smith Mackenzie na Dalgety, yalitaifishwa na kazi zake kuwekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa. Mwaka 1973 shirika hilo liligawanywa kuwa kampuni za biashara za mikoa, maarufu kwa kifupi cha RTC, na sheria ya kudhibiti bei ikapitishwa. Mwaka 1976 ilianza Operesheni Maduka, iliyokusudia kufunga maduka binafsi vijijini na kuweka ya vijiji na ya ushirika mahali pake. Bidhaa ziliadimika kwa kiasi kwamba serikali ililegeza utekelezaji mwaka huohuo.

Kwa bei iliyotangazwa, duka la umma halikuwa na mshindani. Hata hivyo, baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979, sukari, sabuni na mafuta ya kula viliadimika, na bei rasmi ikawa bei ya bidhaa isiyokuwepo. Mnunuzi aliyelipa zaidi kwa mlanguzi alipata alichokihitaji. Aliyesubiri foleni aliweza kurudi mikono mitupu. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, haikuondoa chanzo cha uhaba. Kuanzia mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na rafu zikaanza kujaa.

4.0 Ushindani wa Pili: Supamaketi

Baada ya 2000 kampuni ya Shoprite ya Afrika Kusini iliingia katika soko la Tanzania. Kituo cha Mlimani City, kilichofunguliwa mwaka 2006 katika Barabara ya Sam Nujoma, kiliiweka supamaketi karibu na Mwenge, kwenye njia ya wasafiri wa ukanda wa Bagamoyo. Matokeo hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Mwaka 2014 Shoprite ilikabidhi maduka yake matatu kwa Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, iliondoka mwaka 2015. Nakumatt ikafuata, ikiwa imelemewa na madeni ya wagavi wake. Choppies ya Botswana iliamua kuondoka mwaka 2019, na mwaka 2021 Massmart, mmiliki wa maduka ya Game, ilitangaza nia ya kujitoa Afrika Mashariki.

Si sahihi kuhitimisha kwamba maduka madogo pekee ndiyo yaliyoziangusha kampuni hizo, kwani udhaifu wa usimamizi na madeni yaliyoanzia katika nchi zao vilichangia. Ni sahihi, hata hivyo, kusema kwamba hazikuwapata wanunuzi wengi wa kipato kidogo. Katika duka la mtaani, ambalo Dar es Salaam huitwa duka la Mangi, sukari hupimwa robo kilo, mafuta ya kula hupimwa kwa kikombe, na mche wa sabuni hukatwa vipande. Mwenye duka hununua kwa jumla Kariakoo na kuandika madeni katika daftari. Kwa anayelipwa kwa siku, nauli ya daladala kutoka Bunju au Mapinga hadi Mwenge na kurudi ingeweza kumeza punguzo lote la supamaketi.

5.0 Uchambuzi

Hoja hii isigeuzwe kuwa sifa kwa duka dogo. Anayenunua robo kilo kila siku hulipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye uwezo wa kununua mfuko mzima. Nyongeza hiyo ni gharama ya umaskini, na daftari la madeni huahirisha malipo bila kuifuta. Hata hivyo, mnunuzi huyo hakosei hesabu. Fedha aliyonayo leo haifiki bei ya mfuko, na watoto hawawezi kungoja hadi itoshe.

6.0 Hitimisho

Duka la umma na supamaketi yalitofautiana kwa itikadi, lakini yalikosea mahali pamoja: yaliangalia bei iliyoandikwa na kusahau mfuko wa mnunuzi. Kwa mtafiti, somo linahusu vyanzo pia. Kumbukumbu za serikali na za kampuni zimehifadhi bei, ilhali daftari la mwenye duka, ambalo lingeonyesha nani alikopa nini na alilipa lini, hutupwa likijaa. Historia ya unafuu itakayoandikwa kwa kutegemea orodha za bei pekee itaendelea kuwaacha nje watu ambao unafuu huo ulikusudiwa kuwafikia.