Stesheni ya Kuunganishia

Simama stendi ya Maganzo, kwenye lami ya Shinyanga kwenda Mwanza, utalisikia neno ninalotaka kulieleza kabla hujamaliza kikombe cha chai. Mama mwenye furushi anamuuliza konda: "Mwanangu, hii gari inafika Geita?" Konda anajibu huku akipokea mzigo: "Hapana mama, unashukia Usagara, halafu unaunganisha."

Kuunganisha huku hakuna kamba wala gundi. Kinachounganishwa ni safari, na mwunganishaji ni abiria mwenyewe. Watu wa Kanda ya Ziwa wanaelewa jambo hili kwa miguu yao. Hadi juzi, wa kwenda Geita alifika Kigongo akangoja kivuko, akavuka maji, ndipo akaendelea. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, adha hiyo ikaisha.

Wahandisi wa reli nao wana dhana hiyohiyo. Ni stesheni ambamo mtu anateremka kwenye treni ya masafa marefu na kuingia treni ya mjini bila kutoka barabarani na mabegi kichwani. Wafasiri wetu wakikutana nayo huandika "kituo cha mabadilishano". Mimi nikilisoma hilo naona watu wakibadilishana mateka, au dola. Abiria habadilishani chochote na mtu. Konda wa Maganzo amewazidi.

Hata hivyo, tusikimbilie kuandika "stesheni ya kuunganisha". Kiswahili kina kauli ya kutendea, na hapa ndipo inapolipa. Kisu ni cha kukatia, chumba ni cha kulia, benchi ni la kukalia. Mahali ambapo abiria anaunganisha safari ni stesheni ya kuunganishia. Treni inayompokea pale na kumpeleka mjini ndiyo treni ya kuunganisha. Irabu moja tu imetupa istilahi mbili, na hakuna atakayezichanganya.

Kwa nini stesheni, si kituo? Kituo kimebeba mengi mno: cha polisi, cha afya, cha mafuta, cha daladala. Stesheni imebaki na treni, na kule Dar es Salaam limekuwa hata jina la eneo. Iachwe hapo ilipo.

Mgogoro uko kwenye kasi. Mwaka 2016 Dar es Salaam ilipata mabasi yenye njia zake, na serikali ikayapa jina refu la Mabasi Yaendayo Haraka. Wananchi wakakata shauri: mwendokasi. Kisha, tarehe 14 Juni 2024, treni ya umeme ikaanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro, na Julai 25 ikafika Dodoma. Nayo ikaitwa mwendokasi. Leo mtu wa Dodoma anaweza kuteremka mwendokasi, akatembea hadi kituo cha mabasi cha Gerezani, akapanda mwendokasi. Mgeni akielekezwa hivyo atadhani anataniwa.

Isitoshe, treni yetu imesanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa. Shirikisho la Kimataifa la Reli huanza kuhesabu kasi kubwa kwenye 250 kwa njia mpya. Wajapani walikimbia 210 tangu 1964, kati ya Tokyo na Osaka, na Morocco tangu 2018 wana Al Boraq inayofika 320. Kama 160 ni mwendokasi, hiyo ya 320 tutaiitaje? Napendekeza "reli ya kasi kubwa" kwa njia za 250 na kuendelea, na mwendokasi tuwaachie wenyewe walioliunda. Halina kosa mitaani. "Reli ya kisasa", jina jingine la reli yetu mpya, ndiyo isiyonikalia vizuri. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga ilikuwa ya kisasa pia, siku hizo. Neno bora kuliko yote katika reli hii hakuna kamati iliyolitunga: treni zenye pua ndefu watu waliziita mchongoko, na jina likashika.

Bado metro. London walianza mwaka 1863 na treni za moshi mahandakini, na kampuni iliyozianzisha ilijiita ya jiji kuu. Paris mwaka 1900 wakalikata jina hilo likabaki metro. Sisi huandika "reli ya chini ya ardhi". Ndugu zetu walioko Dubai watacheka: metro yao, iliyofunguliwa 2009, sehemu kubwa inapita juu ya nguzo. Na mwambie mchimbaji wa Geita kwamba kuna treni ya chini ya ardhi, atakuuliza inatoa mawe duara gani, yaani shimo gani la machimbo. Neno metro linaishia na irabu na linatamkika. Tulichukue lilivyo.

Afrika Mashariki hatuna metro, ila kuunganisha tunako. Msafiri wa Mombasa akifika Nairobi kwa treni iliyozinduliwa 2017 anajikuta Syokimau, nje ya jiji, na kuna treni ndogo ya kumfikisha katikati. Dar es Salaam treni za mjini zilianza 2012 kwenye reli nyembamba, kutoka Ubungo hadi Stesheni, zikapewa jina la waziri wa wakati huo: treni ya Mwakyembe. Hazina fahari ya metro, lakini kazi ni ileile.

Kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, kinachopita mkoani kwetu Shinyanga, bado kinajengwa. Siku kitakapofunguliwa, mtu wa Maganzo atapanda haisi hadi stesheni. Ombi langu ni kwa watakaoandika vibao: msituwekee "mabadilishano". Andikeni KUUNGANISHIA, chini yake mshale. Yule mama wa furushi hatahitaji kumuuliza mtu.