Jina la Kilele cha Kibo

Kilimanjaro si mlima wa kilele kimoja. Ni volkano tatu zilizoungana: Shira upande wa magharibi, Kibo katikati, na Mawenzi upande wa mashariki. Kibo ndicho kirefu kuliko vyote. Ncha yake ina mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na hapana mahali palipo juu zaidi katika Afrika nzima.

Asili ya jina la mlima wenyewe ina mabishano. Wako wasemao kwamba ni Kiswahili. Lakini kilima ni mlima mdogo, nao huu hauna udogo wowote. Wengine hulirudisha katika Kichagga, kwa maana ya kitu kinachoishinda safari. Vilele navyo huelezwa hivi: Kibo ni chenye madoa, kwa jinsi theluji inavyochanganyika na mwamba mweusi, na Mawenzi ni kilichomeguka. Hadithi ya Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hata Kibo akachoka, akampiga. Ndiyo maana kichwa chake kimejaa mapengo. Basi wenyeji walikwisha eleza sura ya mlima kwa majina kabla wageni hawajaichora ramani yake.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika juu ya Kibo. Meyer akaipa ncha ile jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm, ambaye hakupata kuukanyaga mlima huo. Mfalme aliacha kiti chake mwaka 1918, lakini jina halikuondoka naye. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni, na ncha ikaitwa Uhuru. Jina la Kibo halikuguswa. Lililoondolewa ni la mgeni.

Hata hivyo, mlimani yangaliko majina ya wageni, kama Gilman na Rebmann. Tena zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 imekwisha yeyuka. Madoa yakitoweka, jina la Kibo ndilo litakalotoa ushahidi wa sura yake ya kale. Kwa hiyo mwalimu amfundishapo mwanafunzi kimo cha mlima, hana budi kumfundisha pia maana ya majina yake, na kumtuma kwa wazee akaulize yale ambayo ramani haikuyaandika.