Shukrani kwa Aliyekataa

Tarehe 4 Agosti 1914, siku Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, maafisa wake wa Pwani ya Kenya walikuwa na kazi nyingine mkononi. Walikuwa wakililipua Kaya Fungo kwa baruti. Kaya hilo, nyuma ya pwani ya Kilifi, ndilo lililokuwa moyo wa Wagiriama. Hapo wazee walikutana, na hapo viapo viliwekwa. Serikali iliamini kwamba kaya likiisha, ukaidi nao utaisha.

Ukaidi wenyewe ulikuwa na sababu inayoeleweka kabisa. Kuanzia 1912 afisa msaidizi Arthur Champion alitumwa kukusanya kodi ya nyumba na kutafuta vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya pwani. Wagiriama walikuwa na mashamba yao. Mahindi ya bonde la Sabaki yaliuzwa pwani, na mwenye ghala lake haoni sababu ya kumlimia mwingine kwa ujira mdogo. Champion alipata jibu baridi, kisha akapata Mekatilili wa Menza.

Mekatilili alikuwa mjane. Alipita kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakamfuata. Mwaka 1913 viapo viwili viliwekwa Kaya Fungo, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, vikimkataza kila mtu kushirikiana na serikali. Husimuliwa mpaka leo kwamba barazani Mekatilili alileta kuku na vifaranga vyake, akamwambia Champion achukue kifaranga kimoja. Kuku alimrukia. Maana yake haikuhitaji mkalimani: wana wetu nao hawachukuliki hivi hivi. Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka uliofuata walitoroka wakarudi kwao kwa miguu.

Vita vilipoanza, haja ya vijana ikawa kubwa zaidi, kwa kuwa jeshi lilihitaji wapagazi. Agosti hiyo hiyo Wagiriama waliinuka. Waliotumwa kuwazima walikuwa askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita keya. Nyumba kwa maelfu zilichomwa, mbuzi wakatekwa, na watu zaidi ya 150 wakauawa. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000, kuhama kutoka kaskazini ya Sabaki, na kutoa vibarua 1,000.

Nadhani hapa ndipo ilipo tofauti kati ya nchi hii na nyingine zinazopenda kuwapigia wanajeshi makofi barabarani. Mgiriama wa 1914 alipoona sare iliyovaliwa na Mwafrika mwenziwe, ilikuwa imeshika kiberiti. Kumshukuru askari si jambo linalokuja lenyewe.

Walioingizwa katika upagazi, kutoka Pwani na kwingineko, walibebeshwa risasi na unga kuifuata vita hadi ndani ya koloni la Wajerumani lililoitwa baadaye Tanganyika. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na chakula kibovu. Risasi iliua wachache tu kati yao. Rekodi za Waingereza zinataja vifo zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi hiyo ni ndogo mno. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikudaiwa na mtu, kwa kuwa ndugu zao hawakujulikana au hawakutafutwa. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wapagazi, alipigania fedha hizo zitumike kwa faida ya Waafrika. Hakusikilizwa. Wanajeshi wa Kizungu, kwa upande wao, waligawiwa mashamba bara mwaka 1919. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sanamu za shaba zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika, bila majina yao.

Kilifi haikungoja shaba ya serikali. Wenyeji, kupitia Chama cha Utamaduni cha Wilaya ya Malindi, MADCA, walianzisha sherehe ya kila Agosti, wakienda hadi kaburini kwa Mekatilili huko Bungale, Magarini. Kumshukuru mama huyu kwao ni kazi ya kujitolea. Serikali ilifuata nyuma: Oktoba 20, 2010, Mashujaa Day ya kwanza, sanamu yake ilizinduliwa Malindi katika bustani inayobeba jina lake sasa.

Wapagazi wenyewe bado hawajafikiwa na shukrani. Aprili 2021 ripoti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Radhi iliombwa London. Majina ya waliotoka Ganze, Jilore na Magarini, kama yapo, yako vinywani mwa wajukuu na vitukuu wanaozeeka sasa, na kuyapata kutamtaka mtu aende nyumba kwa nyumba akiuliza: babu yako alirudi?